Kunasa Maandishi ya Amri za Nje Ndani ya Scheme

BARAKA: Karibu tena, msikilizaji. Mimi ni Baraka, na dada Zuhura yupo mezani kama kawaida.

ZUHURA: Nipo, kaka. Leo hakuna porojo, tunaingia kwenye kodi moja kwa moja.

BARAKA: Haya. Swali lenyewe ni hili: nina programu iliyoandikwa kwa lugha ya Scheme, nataka iendeshe amri ya nje, tuseme `ls` au `git`, halafu yale maandishi inayotoa yaniingie kwenye stringi niyafanyie kazi. Mtu anayeanza na Guile, mmoja wa watekelezaji wa Scheme, yaani programu zinazoiendesha lugha hiyo, huwaza hivi: kuna `system` ya kuendesha amri, na kuna `with-output-to-string` ya kukusanya kinachochapishwa. Si nazikutanisha tu?

ZUHURA: Zikutanishe uone. Orodha ya mafaili itamwagika kwenye skrini, na stringi utakayoipata ni tupu. Hakuna kosa lililotangazwa, hakuna onyo, na `system` yenyewe inakurudishia sifuri kama vile mambo ni shwari.

BARAKA: Na hapo ndipo watu hudhani Guile ni mbovu.

ZUHURA: Guile haina kosa. `with-output-to-string` inabadilisha poti ya sasa ya kutolea maandishi, na hiyo poti ni kitu cha Scheme, kipo ndani ya kumbukumbu ya programu yako. `ls` ni mchakato mwingine kabisa. Haijui poti zako wala haijui Scheme ni nini. Inachojua ni namba za mafaili ilizorithi kutoka kwa mzazi wake: sifuri ya kusomea, moja ya kuandikia, mbili ya makosa. Imeandika kwenye namba moja, na namba moja ilikuwa bado inaelekea kwenye skrini.

BARAKA: Lakini Racket, ile lahaja nyingine, ukifanya hivyohivyo, inakubali.

ZUHURA: Inakubali kwa sababu Racket inafanya kazi ya ziada nyuma ya pazia. Ikiona poti yako si faili la kweli, inafungua bomba, yaani njia ya kupitishia maandishi kati ya michakato, halafu inayahamisha maandishi yenyewe kutoka kwenye bomba kwenda kwenye poti. Ndiyo maana usinakili mbinu ya lahaja moja ukaipeleka nyingine bila kuijaribu. Lugha ni Scheme, sawa, lakini R7RS ndogo ya 2013, yaani kiwango cha lugha hiyo, haisemi lolote kuhusu kuanzisha michakato. Kila mtekelezaji amejipangia.

BARAKA: Basi tubaki na Guile kwanza. Njia sahihi ni ipi?

ZUHURA: Bomba. Moduli yake ni `(ice-9 popen)`. Nisome kodi yenyewe, ni fupi:

```
(use-modules (ice-9 popen)
             (ice-9 textual-ports))

(define (soma-amri programu . hoja)
  (let* ((poti (apply open-pipe* OPEN_READ programu hoja))
         (maandishi (get-string-all poti))
         (hali (close-pipe poti)))
    (values maandishi (status:exit-val hali))))
```

Unaita `(soma-amri "git" "status" "--short")`, unapata vitu viwili: maandishi, na namba ambayo amri ilimalizia nayo.

BARAKA: Naona umetumia `open-pipe*` yenye nyota. Wengi huandika `open-input-pipe`, wanaipa stringi moja, basi.

ZUHURA: Ile ya stringi moja inapitia `/bin/sh`, yaani sheli, ile programu ya mfumo inayosoma na kutekeleza amri. Ukiandika amri yako mwenyewe kwa mkono, haina neno, na hata inafaa pale unapotaka `2>&1` ili makosa yaje pamoja na matokeo. Lakini ukianza kuunganisha jina la faili lililotoka kwa mtumiaji, jina lenye nafasi linakatwa vipande viwili, na lenye nukta mkato linakuwa amri nyingine kabisa. Yenye nyota haipiti kwenye sheli. Kila hoja inafika kama ilivyo.

BARAKA: Na hiyo `status:exit-val`? Kwa nini usirudishe tu anachotoa `close-pipe`?

ZUHURA: Kwa sababu anachotoa ni hali ghafi ya mfumo. Amri ikitoka na 1, wewe utaona 256. Mtu anaandika `(= hali 1)` na sharti halitimii kamwe. Halafu kuna jambo jingine zuri hapo: ikiwa mchakato uliuawa kwa ishara, `status:exit-val` inarudisha `#f`, kwa hiyo usiilinganishe na sifuri kwa `=` kabla hujaikagua.

BARAKA: Uliuawa na nani? Mimi nimeendesha amri ya kawaida tu.

ZUHURA: Na wewe mwenyewe! Tuseme unataka mstari wa kwanza tu. Unasoma mstari mmoja kwa `read-line`, unafunga bomba. Amri bado ina mengi ya kuandika, inakuta upande wa pili hakuna mtu, mfumo unaipiga ishara ya SIGPIPE, namba 13. Imekufa. Si hitilafu, ila programu yako isipotarajia `#f` itaangukia hapo.

BARAKA: Sasa tuje kwenye lile la kuganda. Programu imesimama, haitumii prosesa, haisemi kitu.

ZUHURA: Eee, hilo ndilo linalokula watu muda. Bomba lina ujazo wake. Kwenye Linux kwa kawaida ni baiti 65,536. Likijaa, anayeandika anasimama mpaka mtu asome. Sasa chukua programu inayompa mtoto, yaani mchakato iliouanzisha, data na papo hapo inataka kusoma majibu. Unamwandikia `cat` megabaiti tano. `cat` inakurudishia, bomba la majibu linajaa kwa sababu wewe bado unaandika, hujaanza kusoma. `cat` inasimama. Imesimama, kwa hiyo haisomi tena, na bomba lako la kuandikia nalo linajaa. Na wewe unasimama. Mmekuwa kama watu wawili mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenzake “tangulia”.

BARAKA: Na majaribio yote yalipita, maana yalikuwa na mistari kumi.

ZUHURA: Yalipita vizuri sana! Na usidhani ni mpaka uandike. Kwenye CHICKEN, mtekelezaji mwingine wa Scheme, kuna `process*` inayokupa poti ya matokeo, ya kuandikia, namba ya mchakato na poti ya makosa. Ukisoma matokeo mpaka mwisho kwanza, na mtoto akawa anajaza poti ya makosa, ni kuganda kulekule.

BARAKA: Dawa?

ZUHURA: Uzi (thread) mmoja uandike, mwingine usome. Au data iweke kwenye faili la muda. Watu huidharau hii ya faili la muda, lakini scsh, ile sheli ya Scheme ya Olin Shivers ya miaka ya tisini, `run/collecting` yake inafanya hivyohivyo: inamwaga kila mkondo kwenye faili la muda, mchakato ukiisha ndipo inakupa poti. Mimi naiona ni suluhisho la heshima kabisa.

BARAKA: Na scsh ndiyo yenye `run/string`. Mstari mmoja, umemaliza.

ZUHURA: Ndiyo. Gauche, mtekelezaji mwingine, nayo ina `process-output->string`. Ukiwa na hizo, usijisumbue na mabomba kwa mkono.

BARAKA: La mwisho: kuna amri inayotoa mstari mmoja kila sekunde, lakini kwangu yanafika kwa mkupuo baada ya muda mrefu. Nikiiendesha kwenye skrini, yanatoka mmojammoja.

ZUHURA: Hiyo ni bafa ya mtoto, yaani kumbukumbu anamokusanyia maandishi kabla ya kuyatoa, si ya Scheme. Maktaba ya C ikiona inaandikia skrini, inasukuma kila mstari. Ikiona ni bomba, inasubiri bafa ijae. Kwenye Linux jaribu kuiendesha kupitia `stdbuf -oL`. Inasaidia programu nyingi, ila si zinazojipangia bafa zenyewe. Kwa hizo, tafuta kama zina chaguo lake, kama `grep` ilivyo na `--line-buffered`.