Kuotesha mwasumini kwa vijiti nyumbani

Karibuni. Leo tunaotesha mwasumini kwa vijiti, huu wa maua meupe ya vikuba. Kama jirani anao, huna haja ya kununua mche. Muombe tu ukate.

Kwanza, tawi. Hili la nchani bado laini mno, litanyauka kabla ya jioni. Hili la chini limeshakomaa, gome la kahawia. Linachelewa sana kutoa mizizi. Tunataka la katikati: bado la kijani, lakini ukilikunja kidogo linajirudi. Likiwa na vitumba, vitoe.

Kata asubuhi, jua halijawa kali, urefu wa sentimita 10 hadi 15. Nasogeza kamera. Unapaona hapa palipovimba, majani yanapotokea? Hiki ndicho kifundo. Mkasi upite chini yake kidogo tu, maana mizizi mingi huanzia hapo. Chini kata mshazari, juu kata sawa, usije ukachanganya. Kijiti kikipandwa kichwa chini hakishiki.

Majani ya chini toa yote. Juu bakisha mawili, na hayo nayo yakate nusu. Najua roho inauma, lakini kijiti hakina mizizi ya kunywea, na jani linaendelea kupoteza maji vilevile.

Udongo: mchanga sehemu moja, mboji iliyooza vizuri sehemu moja. Mchanga uwe wa mto. Wenzangu wa pwani, ule wa ufukweni una chumvi, uacheni hukohuko. Kopo litobolewe chini. Mwagilia kwanza, toboa shimo kwa penseli, ndipo utie kijiti. Ukikisukuma tu, gome linachubuka. Kifundo kimoja au viwili viingie ndani. Bonyeza pembeni.

Unga wa homoni wa kuchochea mizizi, ule wa duka la pembejeo, ukiwa nao, chovya kitako cha kijiti kabla ya kupanda. Huna? Endelea, mwasumini hauna maringo hivyo.

Sasa chupa ya maji iliyokatwa kitako, funika, na kizibo chake juu. Weka penye mwanga lakini jua lisipige, barazani panafaa. Ukiona umande ndani ya chupa, usimwagilie! Hapa ndipo wengi wanapoviua: maji kila siku, kitako kinageuka cheusi, kinaoza. Udongo uwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, basi.

Mizizi huchukua wiki 4 hadi 6, wakati wa baridi hata zaidi. Usichomoe kuchungulia, itakatika. Jani jipya nalo lisikudanganye, kijiti huweza kuchipua kwa akiba yake kabla hakijatoa mzizi. Kivute kidogo sana, kikigoma, kimeshika.

Hapo ondoa kizibo kwa siku chache, kisha chupa yenyewe. Mizizi ikianza kutokeza kwenye matundu ya kopo, hamishia chungu kikubwa, na kwa wiki ya kwanza kipe jua la asubuhi tu.