Hesabu ya lumbesa na rejesho la mwezi wa kwanza: mhadhara kwa wakulima wa viazi, Uyole, Mbeya

Wazee wetu shikamooni. Akina mama mlioteremka kutoka Umalila na Isyonje, karibuni, poleni na safari.

Tumezoea kusema maskini ni mtu asiye na hela. Amartya Sen, mchumi wa India aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1998, aliichunguza njaa ya Bengali ya mwaka 1943 akaonyesha kwamba chakula kilikuwepo. Waliokosa ni vibarua ambao ujira wao uliachwa mbali na bei ya mchele. Kwake, umaskini ni kukosa uwezo wa kufanya na kuchagua. Tulilete hilo kwenye viazi.

Tuseme ekari imekula shilingi 2,400,000: mbegu, mbolea, dawa ya ukungu, vibarua, kodi ya shamba. Jembe ulilolima mwenyewe nalo liandike, maana wengi huliacha. Umevuna kilo 4,000, kwa hiyo kila kilo imekugharimu 600. Dalali anatamka 75,000 kwa gunia. Kichwani una gunia la kilo 100, gharama 60,000, unaona faida ya 15,000. Kumbe lake ni lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo: limeshonewa kilemba, yaani nyongeza juu ya mdomo, linabeba kilo 130. Kilo 130 mara 600 ni 78,000. Umempa viazi na 3,000 juu, kila gunia! Kikundi kinunue mzani wa kuning'iniza, na bei itajwe kwa kilo kabla gunia halijafunguliwa mdomo.

Ila tusidanganyane. Mwenye mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ada, au ambaye barabara yake haipitiki masika, atauza lumbesa huku akijua fika anapunjwa. Semina peke yake haimsaidii huyo. Anahitaji akiba ya kikundi ya kumvusha wiki mbili, na njia ya kufika soko jingine.

Sasa mikopo. Unakopa 600,000 kwa miezi sita, riba asilimia 10 kwa mwezi. Ikipigwa juu ya deni la mwanzo, ni 60,000 mara sita: 360,000. Ikipigwa juu ya salio, ukipunguza 100,000 kila mwezi, ni 60,000, kisha 50,000, hadi 10,000: jumla 210,000. Asilimia ni ileile, tofauti 150,000. Wakikukata fomu na "dhamana" 90,000 mlangoni, umeondoka na 510,000 lakini unalipia riba ya 600,000.

Kinachoumiza zaidi, kwa maoni yangu, ni ratiba. Viazi vinataka miezi mitatu hadi minne. Rejesho la kwanza linadaiwa baada ya siku 30, shamba halijafanyiwa hata palizi. Ndipo mtu anakimbilia kausha damu, mikopo ya mtaani ya riba kali, ili alipe mkopo halali, na mavuno yanakuta madeni mawili. Kwa hiyo kabla ya kuweka dole gumba, dai karatasi yenye tarehe na kiasi cha kila rejesho, na omba rejesho la kwanza liwe baada ya kuvuna. Wakikataa, kopa kidogo kwenye VICOBA, vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, hata kama itakubidi ulime nusu ekari.

Na akina mama, mkopo ukiingia kwenye simu yako, namba ya siri usimpe mtu, hata baba watoto. Rejesho watakuja kulidai mlangoni kwa jina lako.