Taya na Nyasi Zake Mbili

Shikamooni wazee wangu. Wanafunzi, hamjambo. Asanteni kwa kuja, maana foleni ya Barabara ya Morogoro jioni naijua.

Hapa Dar ukitaja taya, mtu hushika kidevu. Taya wangu mimi ni swala mdogo wa kilo 12 hadi 22, rangi ya mchanga uliolowa, mwenye doa jeusi lisilo na manyoya chini ya sikio. Serengeti utamkuta zaidi kaskazini-magharibi, kule mvua ni nyingi na nyasi hurefuka.

Nimechuma mabua mawili leo asubuhi bondeni Msimbazi. Hili changa nalikunja, halikatiki. Hili kavu, sikilizeni: kach! Nyati ataishi kwa hili kavu, kwani tumbo lake kubwa hukaa na chakula muda mrefu mpaka lishe itoke. Taya hawezi. Mwili mdogo hutumia nguvu nyingi kwa kila kilo, na tumbo lake halina nafasi ya kulimbikiza makapi. Kwa hiyo anachagua, ncha baada ya ncha, kwa ule mdomo wake mwembamba. Moto ukipita na machipukizi yakatoka, utamwona pale. Kiangazi kikikaza, anaongezea majani ya mimea midogo isiyo nyasi. Tunayajua haya pia kwa kinyesi: ngozi ya jani haisagiki yote, na kwenye hadubini kila aina ya nyasi ina michoro yake.

Sasa hili refu asilolila ndilo nyumba yake. Jike hubeba mimba kama miezi saba, huzaa mtoto mmoja, humlaza humu wiki kadhaa na kumrudia kumnyonyesha. Dume naye hukata ncha ya bua kwa meno, hivi, halafu huinamisha uso na kupaka juu yake utomvu mweusi unaotoka kwenye tezi mbele ya jicho. Huo ndio mpaka wa himaya yake. Mara ya kwanza kuliona bua la namna hiyo nilipiga magoti nikalitazama muda mrefu. Tone lilikuwa dogo kama mbegu ya ufuta.

Hapo ndipo hesabu inapotusumbua, na ndicho kilichonileta kwenu. Nyumbu unaweza kumhesabu kwa ndege. Taya akihisi hatari hulala chini, shingo imenyooka, hatikisiki mpaka umkaribie kabisa. Basi tunatembea kwa miguu kwenye mstari ulionyooka, na kila anayeonekana tunapima umbali wake kutoka mstarini. Kadiri wanavyopungua kuonekana mbali na mstari, ndivyo tunavyokadiria waliotupita.

Hesabu mbuga ikiwa imeungua na utaona taya wengi, ufurahi. Lakini hawakuongezeka, pazia ndilo limeondoka. Fisi na mbweha nao wanawaona vilevile, na mwenye mbwa na mitego ya nyaya pia. Nasikitika sana ninaposikia takwimu za namna hiyo zikitangazwa kama neema.

Ombi langu kwa wanaosimamia hifadhi ni hili: choma mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, vipande vipande, ili kando ya kila machipukizi pabaki kichaka cha nyasi ndefu. Na hesabu irudiwe mwezi uleule, nyasi zikiwa na urefu uleule.

Haya mabua yapitisheni mkono kwa mkono, nami napokea maswali.