Anayeikimbia Hisabati Ataikuta kwenye Unasihi

(Mhadhara kwa wanafunzi wa kidato cha sita na wazazi wao, Chake Chake, Pemba)

Assalaam alaykum wazee wangu, walimu wenzangu, na nyinyi wanangu mnaojiandaa kuchagua kozi za chuo kikuu.

Nimeletewa vikaratasi vya maswali, na kimoja nimekiweka juu kwa sababu kimenigusa. Kinasema: "Nataka kusomea unasihi wa afya ya akili kwa kuwa hisabati imenishinda." Nitazungumza na aliyeandika, wengine mtanisikiliza.

Mwanangu, nia yako ni njema na visiwa hivi vinakuhitaji. Sisi mtu akiacha kula, usiku halali, hataki kutoka nje, kwanza tunasema ana shetani au kafanyiwa. Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili kule Unguja, anapelekwa mwisho kabisa, jamaa wameshachoka. Simkatazi mtu kisomo cha Qur'ani. Kisomo na mnasihi havigombani. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, alishaandika kwamba nafsi huugua kama mwili unavyougua, na kwamba nayo ina tiba yake. Lakini usiende chuoni ukidhani umeikimbia hisabati. Popote unasihi na saikolojia vinapofundishwa sawasawa, takwimu zimo.

Kwa nini ziwemo? Kuna dodoso la maswali tisa linaloitwa PHQ-9, linatumika nchi nyingi kuchunguza sonona, yaani maradhi ya huzuni nzito isiyoondoka, na kwa Kiswahili limeshatafsiriwa. Mtu anaulizwa: katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu ya kufanya mambo, umekosa usingizi, umejiona hufai? Kila jibu lina alama 0 mpaka 3, kwa hivyo jumla haipiti 27. Akifika 10, achunguzwe zaidi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2001 ulikuta kwamba kwa kiwango hicho cha 10, katika kila watu 100 wenye sonona dodoso huwanasa 88, na katika kila 100 wasiokuwa nayo huwaacha 88.

Sasa twende ubaoni. Chukueni chuo chenye wanafunzi 1,000, na tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, 100 wana sonona. Dodoso litawanasa 88. Waliobaki 900 hawana, lakini 12 katika kila 100 watanaswa kimakosa, hao ni 108. Jumla ya walionaswa ni 196, na wenye sonona kweli ni 88. Hawafiki hata nusu! Mnasihi asiyeijua hesabu hii atawaambia vijana 108 kuwa ni wagonjwa, na kwetu mtu akishapachikwa jina la ugonjwa wa akili, hata posa yake huvunjika. Anayeijua atasema, "Njoo tukae, unieleze," kwa sababu hajajua bado. Msingi wa hesabu hii ni wa Thomas Bayes, mchungaji wa Uingereza, ambaye kazi yake ilichapishwa mwaka 1763 mwenyewe ameshakufa.

Na jumla nayo huficha mambo. Swali la tisa linauliza kama mtu amewaza kuwa bora afe au ajidhuru. Kijana anaweza kupata jumla ya 3, alama ndogo sana, na zote tatu zikawa za swali hilo. Ukitazama jumla peke yake, utampita. Huyo anaulizwa siku ile ile, waziwazi na kwa upole, wala haachwi peke yake mpaka afike kwa daktari. Wazazi mnaogopa kwamba kuuliza kutamtia wazo hilo kichwani. Hakumtii. Wengi hupata nafuu kwa kuulizwa tu. Nalisisitiza hili kuliko yote niliyokuja nayo leo.

Na nyinyi wa hisabati, msidhani mmesalimika. Wengi wenu mtarudi skuli kufundisha. Ashcraft na Kirk, watafiti wa Marekani, walionyesha mwaka 2001 kwamba hofu ya hisabati huichukua ile nafasi ya akili tunayoitumia kushika tarakimu tunapokokotoa. Ndiyo maana mtoto anayepiga hesabu za duka la baba yake bila karatasi huganda akiitwa ubaoni. Si mjinga. Hofu imemjaa, na mwalimu akipaza sauti huizidisha.

Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1957 kwamba mnasihi anatakiwa awe mkweli, amkubali mtu bila masharti, na aelewe mambo kama huyo mtu anavyoyaona. Mwalimu wa hisabati anayahitaji yote matatu. Mtoto akiganda, usimrudishe kitini kwa aibu. Mpe muda, muombe aeleze alichokuwa anafikiri, hata kama jibu si sahihi. Utapajua alipokwama, na mara nyingi ni pale pale lilipokwama nusu ya darasa.