Muppets Wanataka Kipindi cha Kila Wiki

Ndugu wasikilizaji, asanteni kwa kufika. Mjadala wa mustakabali wa Muppets, vikaragosi wa televisheni walioundwa na Mmarekani Jim Henson, umepamba moto miongoni mwa wapenzi wao, hasa tangu Juni 2025, onyesho la Muppet*Vision 3D lilipofungwa huko Disney World, Florida, baada ya miaka 34. Je, vikaragosi hawa bado wana biashara, na biashara hiyo iko wapi? Wapo wanaosema sinema. Wapo wanaosema bustani za burudani. Wengine wanataka Disney iwauze kabisa. Mimi nasema Muppets huishi kwa kipindi kifupi cha televisheni kinachorudi kila wiki, chenye mgeni, nyimbo na vichekesho. Fulana, sinema na vivutio vya bustani hununuliwa vizuri pale kipindi hicho kikiwa hewani.

Tuanze na umiliki, maana mabishano mengi hukwama hapo. Vikaragosi wa Sesame Street, kipindi cha watoto, ni mali ya shirika la Sesame Workshop tangu mwaka 2000. Waliotazama Kilimani Sesame hapa Tanzania, au waliomjua Kami, yule anayeishi na VVU katika Takalani Sesame ya Afrika Kusini, waliona kazi ya nyumba hiyo. Vikaragosi wa kipindi cha Fraggle Rock wamebaki kwa Jim Henson Company, kampuni ya familia ya Henson. Disney ilinunua chura Kermit, nguruwe Miss Piggy, dubu Fozzie, Gonzo na wenzao mwaka 2004, pamoja na jina lenyewe la Muppet. Kwa hiyo anayependekeza filamu ya Kermit na Big Bird wa Sesame Street pamoja anapendekeza mkataba kati ya kampuni mbili, na mkataba wa namna hiyo hugharimu kabla kamera haijawashwa.

Jim Henson mwenyewe alikuwa amekubaliana na Disney mwaka 1989 kuwauzia kampuni yake. Alifariki ghafla tarehe 16 Mei 1990, akiwa na miaka 53, na kabla mwaka haujaisha mazungumzo yalivunjika. Mwaka 2000 familia iliuza kampuni kwa EM.TV, kampuni ya Ujerumani, ikainunua tena 2003, kisha ikawauza Muppets kwa Disney. Wanaodai warudishwe kwa familia wakumbuke kwamba familia ndiyo iliyowauza.

Sasa sinema. Filamu ya 2011 iligharimu takriban dola milioni 45 na kuingiza zaidi ya milioni 160 duniani, na wimbo wake mmoja ukapata tuzo ya Oscar. Iliyofuata, ya 2014, iligharimu kama milioni 50 na kuingiza karibu milioni 80. Ukisikia 80 kwa 50 unaweza kudhani kuna faida. Hakuna. Kumbi za sinema hubaki na takriban nusu ya pesa ya tiketi, kwa hiyo studio ilipata kama milioni 40, na gharama za matangazo hazimo katika ile bajeti ya 50. Tangu hapo hawajarudi kwenye kumbi za sinema na filamu mpya. Filamu moja ikianguka, vikaragosi hukaa kabatini miaka, na watoto wa miaka hiyo hukua bila kuwajua.

Linganisheni na The Muppet Show, kipindi chao cha zamani cha televisheni. Mitandao mikubwa ya televisheni ya Marekani ilimkataa Henson. Aliyempokea ni Lew Grade, mkuu wa kampuni ya televisheni ya ATV, Uingereza, akampa studio za Elstree. Kuanzia 1976 hadi 1981 walitengeneza vipindi 24 kila msimu, misimu mitano, jumla 120. Marekani kiliuzwa kwa kituo kimoja kimoja, kikarushwa jioni mapema kabla vipindi vya mitandao havijaanza, na kilifika nchi zaidi ya 100. Toleo la Uingereza lilikuwa refu kidogo kwa sababu matangazo ya biashara huko yalikuwa machache, hivyo wakaongeza wimbo mmoja wa kuziba nafasi.

Tazameni kilichokuwa kinajengwa upya kila wiki. Jukwaa ni lilelile. Nyuma ya pazia ni palepale, na kile kibanda cha juu wanakokaa wazee Statler na Waldorf kulalamika hakibadiliki. Jiko la mpishi wa Uswidi na chombo cha anga cha nguruwe hutolewa stoo na kurudishwa. Kipya ni mgeni, nyimbo na maandishi. Kichekesho kikibuma, dakika mbili baadaye kuna kingine, na wale wazee wameshakisema kabla mtazamaji hajakisema. Wageni walikuwa wagumu kupatikana mwanzoni, lakini Rudolf Nureyev, mcheza baleti, alipokubali katika msimu wa pili, wengine nao wakaona hakuna aibu kukaa meza moja na nguruwe.

Kuna sababu nyingine, nayo iko mikononi mwa wachezeshaji. Kermit huchezeshwa na mtu mmoja: mkono wa kulia ndani ya kichwa, wa kushoto ukishika fimbo mbili nyembamba za mikono. Mbwa Rowlf akipiga piano wanahitajika wawili, mmoja kwa kichwa na mkono wa kushoto, mwingine kwa mkono wa kulia. Wamebanana chini ya kamera, mikono juu, macho yote kwenye skrini. Na skrini ile si kioo: ukisogeza mkono kuliani kwako, kwenye picha kikaragosi anakwenda kushoto. Mwili lazima ufundishwe upya, na watu wawili wajifunze kupumua pamoja. Mchezeshaji Frank Oz na Henson waliweza kubishana kama Fozzie na Kermit bila kufuata karatasi neno kwa neno kwa sababu walikuwa kazini pamoja mwaka hadi mwaka. Timu inayoitwa kwa vipindi sita, kisha ikatawanyika miaka mitatu, haiwezi kufika hapo hata kila mmoja awe bingwa.

Ndiyo maana Muppets Now ya 2020, vipindi sita, na The Muppets Mayhem ya 2023, vipindi kumi, zilikatika mapema mno. Kipindi chao cha 2015 katika ABC, mtandao wa televisheni wa Marekani, kilikuwa na kosa jingine. Kiliwapiga picha kwa mtindo wa filamu ya uhalisia ofisini, Kermit na Piggy wameachana, na kwa vipindi 16 wakawa watu wachovu wa kazi. Kikaragosi hufungua mdomo na macho yake hayasogei. Uhai wake uko katika kuzidisha, kuruka, kuimba. Mtindo wa kunong'ona mbele ya kamera humuua.

Bustani nitazipita haraka. Electric Mayhem, bendi ya Muppets, imepewa treni ya burudani ya kasi huko Disney World iliyokuwa ya bendi ya Aerosmith, na hilo ni jema, ila treni haimtambulishi kwako mtu usiyemjua.

Mgala muue na haki yake mpe: Februari 2026 Disney wamerudi kwenye ukumbi wa zamani kwa kipindi maalumu cha The Muppet Show, mgeni akiwa Sabrina Carpenter. Umbo ndilo. Kinachokosekana ni idadi. Ningeomba vipindi 12 kwa mwaka, vya dakika 25, kwa mkataba wa miaka mitatu unaoibakiza timu ileile ya wachezeshaji na waandishi.

Na haki za muziki zipangwe siku ya kwanza. Diski za DVD za kipindi cha zamani zilitoka misimu mitatu tu, kati ya 2005 na 2008. Wa nne na wa tano haukutoka kabisa, na haki za nyimbo zilikuwa kikwazo kikubwa. Kilipowekwa Disney+, huduma ya Disney ya kutazama kwa intaneti, mwaka 2021, baadhi ya nyimbo zilikatwa. Mikataba ya zamani haikuwazia diski wala intaneti. Kwa kila kipindi kipya, wimbo wa watu wengine uwe mmoja, ulipiwe kwa nchi zote, kwa njia zote za usambazaji, bila kikomo cha muda. Nyimbo nyingine mbili ziandikwe mpya na zibaki mali ya kipindi. Mwandishi wa nyimbo aajiriwe kabla ya mgeni wa kwanza kutafutwa.

Karibuni kwa maswali.