Ukoko wa Tabora

(Sauti ya kijiko kinakoroga kikombe.)

MUSA: Tumeshaanza kurekodi na Da Zai bado anakoroga chai.

ZAI: Sukari imeganda chini, nifanyeje? Hamjambo wapenzi.

MUSA: Wiki hii kila kitu kimepangwa. Daftari hili hapa, nimeandika kwa mkono wangu: "Mambo matano ya kuzingatia mnapokutana na mliosoma nao." Maana dada yenu karudi juzi kutoka Tabora, sauti imekauka, miguu imevimba.

ZAI: Imevimba kwa basi, usinizeeshe. Mpaka Dodoma nimepanda treni ya SGR, mwendo wa saa nne hivi, nimekaa kama mwali. Kutoka Dodoma kwenda mbele ndiyo nikakumbuka nilizaliwa lini.

MUSA: Kuku wa Saranda ulipata?

ZAI: Basi halikusimama. Na kuku wa Saranda haliwi kwenye basi bwana. Yule unamnunua dirishani, treni imesimama, hela inashuka na kuku anapanda, na ikianza kuondoka chenji yako umeisamehe.

MUSA: Haya, tueleze. Miaka 26.

ZAI: Miaka 26. Tumeingia kidato cha kwanza 1996, tumemaliza 1999. Bweni letu lilikuwa na mtu wa Bukoba, wa Mtwara, wa Tanga, mimi wa Dar, kila mmoja na tranka lake. Serikali ilituchanganya, halafu siku ya kumaliza tukatawanyika vilevile. Simu hatuna. Tuliandikiana anwani nyuma ya madaftari, na anwani yenyewe S.L.P. ya ofisini kwa baba. Baba akihamishwa kikazi, rafiki kapotea.

MUSA: Na nyinyi wanawake mna shida ya ziada.

ZAI: Kubwa! Nenda mtaani kwake ulizia jina alilosajiliwa nalo shule, hakuna anayemjua. Ni Mama Fulani. Kuna mwenzetu tumemtafuta miaka minne, kumbe tunaishi kata moja. Kwenye grupu la WhatsApp ndiyo kabisa, tumesevu majina ya utani. Nina "Ndoo", nina "Mheshimiwa", nina "Kengele".

MUSA: Kengele alikuwa anapiga kengele.

ZAI: Kipande cha reli, kimetundikwa kwenye mwembe. Saa kumi na moja alfajiri, ngaa, ngaa, ngaa. Tulimchukia kuliko matroni. Kengele nitamrudia. Kwanza niwaambie kilichotokea siku ya pili, chakula cha mchana. Tumekodi ukumbi, kuna wapishi wamevaa kofia nyeupe, kuna wali, kuna kuku, kuna saladi imekatwa kama maua. Watu wameshapanga foleni. Mara Ndoo, ambaye leo ni hakimu, naomba mnielewe, hakimu, anaacha sahani yake mezani, anaingia jikoni, tunasikia anauliza: "Ukoko uko wapi?"

MUSA: (anacheka) Mahakama Kuu ya Ukoko.

ZAI: Mpishi hajaelewa. Anasema, "Mama, kuna ugali umebaki ila sufuria tumeliloweka." Musa, wanawake arobaini wamepiga kelele kama wamesikia msiba. "Mmeloweka!"

MUSA: Hapo mimi naungana nao. Kuloweka sufuria la ugali ni uharibifu. Lakini tuseme ukweli, lilikuwa jiko la gesi?

ZAI: La gesi.

MUSA: Basi hakukuwa na ukoko humo, kulikuwa na ugali ulioungua. Ukoko unataka kuni. Mnapakua, mnavuta kuni nje, sufuria linabaki juu ya makaa. Moto wa chini kwa chini unaukausha taratibu, unajibandua wenyewe pembeni, unainua kitu kizima kama ungo.

ZAI: Wa shule ulikuwa unatoka mkubwa kama usukani wa lori.

MUSA: Na unaliwa na nini?

ZAI: Na chumvi.

MUSA: Sukari.

ZAI: Sukari! Mtoto wa kishua wewe. Sukari tungeitoa wapi? Ya kwenye tranka ilikuwa ya uji, inapimwa kwa kifuniko cha soda.

MUSA: Na ukoko wa wali?

ZAI: Ule ni mwingine, usichanganye mambo. Ule una mafuta, una nazi, mtu anakukaribisha mezani kwa heshima. Wa ugali unaupigania.

MUSA: Mama Neema pale nyumbani anasema ukoko wa wali ndio ukoko, huo mwingine ni chakula cha mbwa.

ZAI: Mwambie wifi nimemsikia. Ila subiri, nieleze kwa nini sisi tunaulilia. Mwaka wa Elnino, 1997 kwenda 98, mvua zilikata barabara na reli. Shule imefungwa, wa karibu wameshaondoka, sisi wa kupanda treni tumekwama. Bwenini tumebaki kama kumi na wawili. Stoo inaisha. Mpishi akawa anatupikia ugali mdogo kwenye sufuria lilelile kubwa, kwa hiyo nusu ya chakula ni ukoko. Na anayegawa ni Kengele, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na saa ya mkononi na kila mtu alimwamini. Anavunja vipande kumi na viwili, anavipanga, halafu anageuka kutazama ukuta, mwingine anaonyesha kipande na kuuliza, "Cha nani?" Yeye anataja jina bila kuona. Siku zote kipande chake kilikuwa cha mwisho.

MUSA: Hii hujawahi kuisimulia.

ZAI: Nilikuwa nimeisahau. Ameikumbusha Ndoo, kasimama na sahani, machozi yanamtoka kwa sababu ya sufuria lililolowekwa.

MUSA: Na Kengele alikuwepo?

ZAI: Alikuwepo. (kimya) Haya. Kiwango kilikuwa laki na ishirini. Ukumbi, chakula, fulana, zawadi ya walimu waliostaafu. Kengele anauza dagaa na mawese sokoni. Kwenye grupu alikuwa anaitikia kila siku, kiwango kilipotangazwa akanyamaza. Nikajua. Nikamtumia mweka hazina laki na ishirini nyingine, nikamwambia, "Hii ya Kengele, usiseme." Wiki moja baadaye inabandikwa orodha kwenye grupu. Namba 31: Kengele, mabano, "amelipiwa na Zai".

MUSA: Toba.

ZAI: Nilitamani simu iungue. Lakini alikuja. Amevaa fulana, amecheka, amecheza. Siku ya kuondoka nafungua mkoba nakuta bahasha, elfu thelathini, na kikaratasi: "Nyingine nitamalizia." Nafungua simu, Kengele amejitoa kwenye grupu.

MUSA: Na wewe unaona kosa ni la mweka hazina.

ZAI: La nani lingine?

MUSA: La kwako, Da Zai.

ZAI: Ee!

MUSA: Ulikuwa kwenye kamati. Ulijua laki na ishirini ni mtaji wa mtu. Ungesema humohumo, "Jamani, tushushe, tule ugali chini ya mwembe." Hukusema. Uliona rahisi kutoa hela kuliko kubishana na matajiri wenzako.

ZAI: Matajiri wenzangu? Mimi ninayedaiwa Luku na mwenye nyumba?

MUSA: Umenielewa.

ZAI: Sikuelewa. Tungeshusha, tungemwita nani? Ukumbi umeshalipiwa nusu. Mimi nilitaka nimwone mtu. Nisingelipa asingekuja, na asingekuja ningekufa sijamwona. Hasira yake naibeba, lakini nimemkumbatia.

MUSA: Umemkumbatia wewe. Yeye amekumbatiwa na mtu anayemdai.

ZAI: Simdai!

MUSA: Elfu tisini. Ameshaipiga hesabu, wewe ndiye hujaipiga. (kimya) Mimi nimekaa upande ule. Wasikilizaji wa siku nyingi wanakumbuka mwaka niliouza bajaji. Darasa letu walikutana mwaka uleule, 2019, kiwango laki mbili. Niliandika kwenye grupu kwamba nina msiba Singida. Hakukuwa na msiba. Watu wakanitumia pole, wengine na rambirambi, Da Zai. Elfu kumi kumi.

ZAI: Ukazifanyaje?

MUSA: Nilinunua unga. Na angetokea mtu akanilipia ile laki mbili kimyakimya nikajua, nisingeweka bahasha kwenye mkoba, ningebadilisha laini kabisa.

ZAI: Pole, kaka. Lakini nitasema hata ukinuna. Yule uliyekaa naye dawati moja miaka minne alikuwepo kwenye mkutano ule?

MUSA: Alikuwepo.

ZAI: Na amefariki 2021. Kwenye kipindi hikihiki ulisema hukuwahi kumwona tena.

MUSA: Hilo halina uhusiano.

ZAI: Lina uhusiano wote. Mtu angekulipia, ungekasirika, ungerudisha bahasha, ungehama laini. Na ungekuwa umemwona.

MUSA: Ningekaa mbele yake nikiwa nimelipiwa. Asingekuwa ananiona mimi.

ZAI: Yeye wala asingejua, alikuwa anakutafuta wewe!

MUSA: Orodha inabandikwa, Da Zai. Siku zote kuna orodha.

ZAI: Sikubaliani na wewe.

MUSA: Usikubali.

(Kimya.)

ZAI: Fundi ananyoosha vidole vitatu.

MUSA: Dakika tatu? Na daftari langu?

ZAI: Soma haraka basi.

MUSA: La kwanza: "Andaeni fulana za rangi moja."

ZAI: (anacheka) Hilo ndilo la kwanza?

MUSA: Niliandika Jumanne, sikujua habari za bahasha. La pili: "Teueni mweka hazina mwaminifu."

ZAI: Funga daftari, Musa.

MUSA: Nafunga. Umempigia simu Kengele?

ZAI: Mara mbili. Inaita tu. Nimemtumia ujumbe jana usiku, sikutaja hela. Nimemuuliza ile saa yake ya mkononi iliishia wapi.

MUSA: Kajibu?

ZAI: Tiki za bluu. Halafu nilisahau, nimekuletea zawadi. Siku ya mwisho Ndoo aliwasimamia wale wapishi wakapika ugali wakaacha sufuria bila kuliloweka. Umo kwenye mkoba, kwenye karatasi ya foili.

MUSA: Huu? Umelegea.

ZAI: Umesafiri siku mbili.

MUSA: Na bahasha hii?

ZAI: Hiyo iache humohumo.

MUSA: (anatafuna) Huu ni wa gesi.

ZAI: Zima mitambo, fundi.