Makunyanzi na Jua la Ziwani

AKINYI: Hamjambo nyote mnaotusikiliza, mlioko Kisumu na mlioko mbali. Mimi ni Akinyi, na niko na ndugu yangu Barasa, aliyefika asubuhi hii kutoka Luanda ya hapa kwetu Vihiga.

BARASA: Nimefika salama, dada. Hamjambo wasikilizaji.

AKINYI: Leo tunajibu ujumbe wa sauti wa mama mmoja anayeuza mboga soko la Kibuye. Ana miaka 46, binti yake anaolewa mwezi ujao, na anataka kujua krimu itakayomwondolea makunyanzi kwa wiki mbili.

BARASA: Ujumbe huo nimeusikiliza mara tatu. Kuna mahali anasema amekwisha kuonyeshwa kopo fulani lisilo na karatasi ya maelezo. Hapo roho ilinidunda. Tutafika hapo, lakini mama yangu, kama bado hujalifungua, tafadhali usilifungue.

AKINYI: Usilifungue kabisa. Sasa, kabla hatujaenda mbali, kila anayetusikiliza ainue mkono mmoja atazame ngozi ya upande wa ndani, juu karibu na kwapa. Halafu atazame ngozi ya mgongo wa kiganja. Ni mtu mmoja, umri mmoja, ila ngozi mbili tofauti. Juzi nilimfanyia hivyo mama yangu kule Dunga, ufukweni mwa ziwa. Ameanika omena, wale samaki wadogo, maisha yake yote ya utu uzima. Huku ndani ya mkono, ngozi ni laini kama ya msichana. Usoni, mistari inatoka pembeni mwa macho kuelekea masikioni, myembamba kama nyuzi za wavu.

BARASA: Kwa sababu ya kufinya macho, maji yakimmulika.

AKINYI: Ndiyo. Na akiacha kufinya, ukisogea karibu, unaona ndani ya ile mistari rangi imefifia kidogo kuliko nje. Jua halikuwahi kuingia mle. Nilikaa nikimwangalia hadi akaniuliza kama nimeona upele.

BARASA: Sasa hilo la ndani ya mkono ndilo jibu la swali la kwanza, yaani makunyanzi yanatoka wapi. Watu hudhani makunyanzi ni kula chumvi nyingi tu, yaani miaka. Miaka ina sehemu yake. Lakini ule mkono wa ndani nao una miaka ileile. Tofauti ni jua.

AKINYI: Tueleze linavyofanya kazi.

BARASA: Chini ya ngozi ya juu kuna nyuzi za protini. Kolajeni ndiyo inayoipa ngozi unene na uimara. Elastini ndiyo inayoirudisha mahali pake ukiivuta. Tangu ujana, kolajeni hupungua kama asilimia moja kila mwaka, polepole, na hilo hakuna anayeliepuka. Jua nalo lina mionzi ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho, na aina zake mbili hutufikia. UVB ndiyo inayounguza juu juu. UVA inazama hadi kwenye zile nyuzi na kuzikatakata, na mwili ukijaribu kuzishona upya hauzishoni sawasawa. Fanya hivyo kila siku kwa miaka 20, ngozi inalegea na mikunjo inabaki hata uso ukiwa umetulia.

AKINYI: Na UVA inapita kwenye kioo.

BARASA: Inapita! Kuna picha iliyochapishwa mwaka 2012 katika jarida la tiba la New England, la Marekani. Mzee wa miaka 69, dereva wa lori la mizigo kwa miaka 28. Upande wa kushoto wa uso wake, uliokuwa dirishani, umekunjamana na ngozi imekuwa nene. Upande wa kulia ungedhani ni wa mdogo wake. Kwetu dereva hukaa kulia, kwa hiyo madereva wa matatu za Busia wachunguze shavu la kulia na mkono wa kulia. Amu yangu ameendesha gari miaka mingi, na mkono wake unaonyesha wazi.

AKINYI: Hapa Kisumu tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta, na mji uko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Kila unapopanda mita 1,000, mionzi hii huongezeka kwa takribani asilimia 10. Kipimo cha ukali wake kikifika 11, Shirika la Afya Duniani linauita ukali wa kupindukia, na sisi adhuhuri isiyo na mawingu tunafika huko bila shida. Lakini Barasa, nasikia mtu akisema, "Mimi ni mweusi, jua ni la wazungu."

BARASA: Ana ukweli nusu. Melanini yetu, ile rangi ya asili ya ngozi, ni kinga ya kweli. Mwaka 1979 watafiti wa Philadelphia, Marekani, walipima wakaona ngozi nyeusi ya juu inajikinga dhidi ya UVB kwa SPF 13 hivi, yaani kile kipimo cha kinga kinachoandikwa kwenye krimu za jua, na ile nyeupe kama 3. Ndiyo maana makunyanzi yetu huchelewa miaka mingi. Ila katika kipimo hichohicho, asilimia 17 hivi ya UVA ilipenya ngozi nyeusi. Asilimia 17 ya jua la Kisumu, kila siku, kwa mtu anayeshinda Kibuye bila kivuli, si kidogo. Na kwetu dalili ya kwanza mara nyingi si mikunjo, ni mabaka meusi mashavuni.

AKINYI: Sababu nyingine tuzitaje haraka. Sigara hubana mishipa midogo ya damu na kuharibu kolajeni, na wavutaji wengi mistari huwaanzia kuzunguka midomo. Moshi wa kuni nao umehusishwa na ngozi kuzeeka mapema, na hapa nawafikiria akina mama wanaokausha samaki kwa moshi. Kukonda ghafla huacha ngozi imening'inia. Halafu kuna kukoma hedhi, ambalo wanawake hatuambiwi. Katika miaka mitano ya kwanza baada ya hapo, ngozi inaweza kupoteza hadi asilimia 30 ya kolajeni. Mama wa miaka 46 huenda yuko mlangoni. Akiona uso umebadilika ghafla, asijilaumu.

BARASA: Sasa tiba. Nianze na iliyopimwa vizuri kuliko zote, nayo ni kinga. Mji wa Nambour, Australia, kati ya 1992 na 1996, watu wazima 903 waligawanywa. Kundi moja likapaka krimu ya kuzuia jua kila siku, lingine likapaka likijisikia. Baada ya miaka minne na nusu, ngozi za wale wa kila siku zilionyesha uzee pungufu kwa asilimia 24 kuliko za wenzao. Krimu ya jua tu!

AKINYI: Tafuta iliyoandikwa SPF 30 au zaidi, na iliyoandikwa kwamba inazuia UVA pia. Kipimo cha uso na shingo ni mistari miwili ya krimu, kila mmoja urefu wa kidole. Unarudia kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Nyingine zinatuacha na weupe kama unga usoni. Zenye rangi ya udongo hukaa vizuri zaidi, na rangi hiyo husaidia kuzuia mabaka. Lakini niseme wazi: si kila anayeuza sukuma anaweza kununua krimu hiyo kila mwezi. Kofia ya ukingo mpana na mwavuli wa kibanda ni tiba pia.

BARASA: Ya kurekebisha yaliyokwisha kutokea, dawa ya kupaka yenye ushahidi mzito ni tretinoini. Ilianza kama dawa ya chunusi, miaka ya 70. Daktari Albert Kligman wa Philadelphia akagundua wanawake waliokuwa wakiitumia wanasema ngozi zao zimekuwa laini, na mwaka 1986 yeye na wenzake wakachapisha matokeo juu ya ngozi iliyozeeshwa na jua. Inachochea kolajeni mpya. Lakini ni dawa ya kuandikiwa na daktari, na inataka subira ya miezi mitatu hadi sita.

AKINYI: Na polepole. Kiasi cha punje moja ya njegere, usiku, mara mbili au tatu kwa wiki mwanzoni. Ukiikimbilia, ngozi inachubuka, na kwetu ngozi ikichubuka inaacha madoa meusi. Mjamzito asiiguse.

BARASA: Sindano ya Botox ni habari nyingine. Jean Carruthers, daktari wa macho wa Vancouver, Kanada, alikuwa akiitumia kwa kope zinazokazana. Mgonjwa mmoja akamwambia kila akidungwa, mikunjo ya kipaji cha uso inapotea. Yeye na mumewe Alastair, daktari wa ngozi, wakachapisha mwaka 1992. Inalegeza msuli, basi mkunjo unaoletwa na msuli unatulia. Matokeo kamili huonekana kama wiki mbili baadaye, na nguvu yake huisha kwa miezi mitatu au minne. Haigusi ngozi iliyoharibiwa na jua.

AKINYI: Zile sindano za kujaza mashavu na mikunjo nazo zikiingia kwenye mshipa wa damu zinaweza kumpofusha mtu. Usidungwe saluni. Na leza, pamoja na dawa kali za kuchubua uso, zifanywe na daktari wa ngozi aliyezoea ngozi nyeusi, maana zinaweza kutuachia mabaka au makovu.

BARASA: Dada, niruhusu nirudi kwenye lile kopo.

AKINYI: Endelea.

BARASA: Dada yangu mkubwa alinunua kopo kama hilo kwa mtu anayechanganya mwenyewe. Wiki ya pili uso uling'aa, ukawa laini, sote tukamsifu. Mimi pia nilimsifu, na linaniuma hadi leo. Mwezi wa nne, mishipa myekundu ilianza kuonekana mashavuni kama mizizi. Ngozi ikawa nyembamba hata taulo inamkwaruza. Akiacha kupaka, uso unawaka moto, kwa hiyo anapaka tena. Daktari alimweleza kuwa ndani kulikuwa na steroidi kali, dawa ya ukurutu inayotakiwa itumike siku chache chini ya uangalizi.

AKINYI: Na steroidi hula kolajeni ileile anayoitafuta.

BARASA: Ndiyo! Alikwenda kutafuta ngozi ya ujana akanunua ya uzee. Mengine huwa na zebaki, inayodhuru figo, au haidrokwinoni, dawa ya kung'arisha ngozi, na Kenya imepiga marufuku vyote viwili katika vipodozi. Kwa krimu yenye karatasi, someni majina. Mkiona klobetasoli au betamethasoni, ambazo ni steroidi, kwenye kitu kinachouzwa kama urembo, kirudisheni. Na aliyekwisha kutumia kwa muda mrefu asiache ghafla kivyake. Amwone daktari, apunguziwe taratibu.

AKINYI: Basi mama wa Kibuye, hakuna krimu ya wiki mbili. Ila kwa siku ya harusi kuna hili: oga, na ngozi ikiwa bado na unyevu, paka mafuta mazito, hata yale ya kawaida ya mgando. Yanafungia maji ndani, mistari midogo inajaa, na uso unatulia kwa saa kadhaa. Fanya hivyo kila asubuhi na usiku kuanzia leo. Na mwavuli wa kibandani, tangu kesho.

BARASA: Mama yako wa Dunga amekubali kofia?

AKINYI: Alikataa. Akaniuliza, "Karai la omena nitaliweka wapi, na kofia iko kichwani?" Nami sikuwa nimewaza hilo. Tukakaa tukapanga: kugeuza omena saa tatu asubuhi na saa kumi, mchana awe chini ya mwembe. Leso anaivuta mbele hadi ifunike kipaji, na karai linakaa juu yake. Jana amenipigia simu akasema jirani zake wawili nao wamehamia chini ya mwembe.